Hedhi, Stara na Jua la Uani

Pedi ya kitambaa ina sharti lisilokwepeka: ikishafuliwa, ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Loweka kwenye maji baridi, fua kwa sabuni, suuza, anika. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa kamba ya nguo iko uani, na uani kuna baba, kaka, shemeji na majirani. Basi kitambaa hufichwa chini ya godoro, kikavaliwa kingali kibichi, na mwenyewe akabaki na muwasho ambao nao ataufanya siri.

Je, hiyo ndiyo stara inayotakiwa na dini?

Vitabu vitakatifu havilionei haya jambo hili. Mambo ya Walawi sura ya 15 inamhesabu mwenye hedhi kuwa najisi kwa siku saba, pamoja na anachokalia na anacholalia. Katika Uislamu haswali wala hafungi. Sala alizoacha halipi, saumu atailipa baadaye. Ni hukumu za ibada, lakini majumbani zimegeuzwa kuwa hukumu juu ya utu wake. Sahihi Muslim inasimulia kwamba Mtume alimwomba Bi Aisha ampatie mkeka mdogo kutoka msikitini. Bi Aisha alipojibu kwamba yumo hedhini, Mtume alimweleza kuwa hedhi yake haiko mkononi. Na katika Injili ya Marko sura ya 5, mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12 anagusa vazi la Yesu kisirisiri. Yesu hamwachi aondoke hivyohivyo. Anamtafuta katikati ya umati, anamsikiliza, anamwita binti.

Stara humkinga mtu na fedheha. Inapomlazimisha avae kitambaa kibichi ili wanaume wa nyumbani wasione kitu, imeacha kumkinga.

Kijijini Kitengeesa, karibu na Masaka nchini Uganda, kazi ya pedi haina maficho. Kampuni ya AFRIpads hushona pedi za kitambaa huko, na mafundi wengi ni wanawake. Pedi ina tabaka za kitambaa laini kinachonyonya, kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa yanayozungushwa kwenye chupi na kufungwa kwa vifungo vya kubana. Ikitunzwa hudumu mwaka na zaidi. Kinachogusa moyo ni kwamba jambo lililonong'onwa tangu enzi za mabibi limekuwa ufundi wa mchana, wenye mshahara na ada za shule ndani yake.

Tena bei ya pedi za dukani haina huruma. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa hoja kwamba wanunuzi hawakuona nafuu. Hata hivyo, kitambaa nacho kinadai maji na sabuni, na penye kisima cha mbali mzigo huo humwangukia msichana yuleyule.

Mvulana wa madrasa hufundishwa kinachomzuia dada yake kuswali. Anachohitaji dada huyo siku hizo hafundishwi. Shekhe au mchungaji anayeweza kueleza unajisi kwa kina mimbarini anaweza pia kuwaambia akina baba, waziwazi, kwamba fedha ya pedi inatengwa pamoja na ya unga na mafuta.