Picha Niliyoiita Amani

Kila Januari dada yangu, mtoto wa mama mdogo, hunitumia picha za theluji kutoka Minneapolis. Miti imevaa nyeupe, magari yamefunikwa hadi huwezi kujua rangi yake. Mimi theluji niliyowahi kugusa ni ile inayoganda kwenye friza, kwa hivyo huziweka kwenye status na watu wanauliza, "Manze, ni wapi huko?"

Mwaka huu nilimpigia simu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye makao ya wazee, na sasa anachota theluji kwa koleo ili gari litoke. Alikuwa anahema.

"Hizo picha napiga nikiwa ndani, dirishani," akasema. "Huku nje nani ana mkono wa kushika simu?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Picha yangu iliyopendwa zaidi nayo nilipigia mbali. Nilikuwa nyumbani Mfangano, usiku usio na mwezi, nimekaa mlimani juu ya Sena. Chini yangu ziwa lilikuwa limejaa taa, ungedhani kuna mji unaelea. Ni taa za wavuvi wa omena. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri. Mwanga huvuta omena, ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu kazi hulala. Nilipiga, nikaandika chini yake neno moja: Amani.

Kuna watu husema picha nzuri ya mahali pagumu ni uongo. Mimi sikubali. Taa zilikuwepo, sikuziongeza. Theluji ya dada pia ilikuwepo. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont kule Marekani, alipiga picha ya chembe moja ya theluji kupitia hadubini mwaka 1885, kisha akapiga nyingine zaidi ya 5,000. Alikufa kwa nimonia mwaka 1931, baada ya kutembea kwenye dhoruba ya theluji. Baridi hiyo haimo hata kwenye picha moja, na sidhani alimdanganya mtu. Lakini yeye aliisimamia baridi yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimevaa jaketi, nikiwapa watu wengine amani ambayo sikuwauliza kama wanayo.

Asubuhi moja nilimwonyesha mama jirani anayeanika omena ufuoni. Nilitarajia aseme ni maridadi. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu taa.

"Hizi za pamoja ni za upande wetu," akasema. "Na hii iko peke yake huku, ni ya nani?"

"Sijui, mama."

"Ulipiga siku gani?"

Nikamwambia. Akafikiri kidogo.

"Siku hiyo upepo ulikuwa mbaya."

Akanirudishia simu, akaendelea kugeuza omena kabla mvua haijaja, maana ikinyeshewa bei yake ni ya chakula cha kuku.

Picha bado iko, sikuifuta. Nilifuta lile neno tu, na sijapata lingine la kuweka hapo. Juzi nilimtumia dada, bila maelezo yoyote. Yeye amekulia huko huko Sena. Jibu lilikuja akiwa njiani kwenda kazini:

"Hiyo ya peke yake ni ya nani?"