Kupogoa Mchezo

Msimu mpya wa maigizo huanzia kwenye mkasi. Mkulima wa zabibu wa Makutupora, Dodoma, hupogoa mizabibu kila baada ya mavuno, maana matunda hutoka kwenye machipukizi mapya. Kwa kupogoa hivyo, huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kikundi kidogo cha maigizo kisicho na ukumbi wala taa nacho kiondoe kila kipande kinachotegemea mapambo, kibakize kile kinachosimama kwa sauti, mwili na ngoma. Kinachouma zaidi ni kukata kipande kilichopigiwa makofi mwaka jana. Lakini mtazamaji haji kushangilia kumbukumbu za wasanii. Anakuja kuona jambo likitokea mbele ya macho yake.