Masikio Yaliyoshonwa



Bwana mmoja wa hapa Kitengela alitoka asubuhi akisema anaenda kazini. Jioni alirudi na bendeji masikioni. Alikuwa amekwenda kushonwa ndewe zake, zilizotobolewa na kuvutwa utotoni kule Kajiado kwa desturi ya Wamaasai. Upasuaji wenyewe si mkubwa: sikio hutiwa ganzi, ngozi inayoning'inia hupunguzwa, kisha kingo huunganishwa kwa nyuzi.

Lakini nyumbani palizuka maneno. Mkewe alimwuliza, "Baba watoto, nani amekucheka?" Mama yake mzazi alipomwona alinyamaza, kisha akasema, "Umeona haya kuwa mwanangu."

Je, bwana huyu alikosa?

Tuamue kwa haki. Mjini watu walitazama masikio yake, wakakata shauri kuwa hakusoma. Aliposhonwa, wale wale wakamheshimu. Naye ni yule yule! Basi kosa la kwanza ni la macho yetu. Hata nabii Samweli alidhani Eliabu ndiye mteule kwa sababu ya sura na kimo chake, na Mungu akamkanya.

Tena, kurekebisha uso si dhambi kwenyewe. Papa Pio XII, akihutubia madaktari wa upasuaji wa namna hii tarehe 4 Oktoba 1958, alifundisha kuwa uzuri wa mwili ni kitu chema, ingawa si kikuu, na kwamba inafaa kupima nia. Ni vibaya kuutafuta ili kuwavuta wengine katika tamaa, au kumficha mhalifu.

Nia ya bwana huyu haikuwa mbaya. Alikosea kuamua peke yake. Uso ni wako, lakini mkeo ndiye anayeutazama kila siku, na mama yako huona humo ukoo wake. Ukiubadilisha bila neno, watadhani umewakataa wao.

Mwishowe alimchukua mkewe wakaenda Kajiado, akamweleza mama dharau aliyoivumilia miaka yote. Mama alipapasa kovu kwa kidole, akauliza, "Iliuma?" Hapo wakaanza kuzungumza.

Nawe msomaji, kabla ya kwenda kwa daktari, kaa na mwenzio. Mwambie ni macho ya nani yanayokusumbua. Na wewe unayeambiwa, usicheke. Huenda macho hayo ni yako.