Bibi Aliyesimama Ili Ajibu

Mtaa mmoja wa Tanga ulikuwa na bibi aliyesifiwa kwa adabu. Ukimwamkia njiani husimama, akatulia, ndipo akaitikia marahaba. Miaka ilivyosonga akawa anasimama hata kwa neno dogo. Wakienda sokoni, mjukuu aliye ubavuni pake akimuuliza kama vitunguu vimekwisha, bibi hukita miguu, akajibu, kisha akaendelea. Hakuna aliyeshtuka. Fimbo hakuwa nayo, magoti hakuyalalamikia, na uwanja wake aliufagia mwenyewe kila asubuhi.

Siku moja akitoka jikoni, binti yake alimwita kutoka sebuleni. Akageuka huku akiitika, akaanguka. Nyonga ikavunjika.

Dalili ile ya kusimama ili kujibu ilikwisha kuelezwa katika jarida la Lancet tangu 1997. Mjini Umeå, Uswidi, Lillemor Lundin-Olsson na wenzake walitembea na wazee 58, wakaanzisha mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama ili wazungumze. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati yao walianguka. Kijana hutembea bila kuufikiria mguu. Mzee ambaye misuli, macho na hisia za nyayo zimepungua hulazimika kuifikiria kila hatua, na swali likija hapo hapo, akili haitoshi kwa yote mawili.

Kwetu sisi dalili hii ni rahisi kupita bila kuonekana, kwa sababu kusimama ni heshima. Basi usiangalie salamu ya mtu anayekutana naye. Angalia anavyofanya anapoulizwa jambo na anayetembea naye.

Wala asiyesimama asihesabiwe kuwa salama: kule Umeå, wengine 11 walioendelea kutembea huku wakiongea nao walianguka. Ndiyo maana vipo vipimo vingine. Mzee aketi kitini, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, apelekwe kwa mtaalamu. Jeffrey Hausdorff na wenzake walipima kwa vihisio vya viatuni muda wa kila hatua, wakaona kwamba wazee ambao hatua zao hazilingani, moja ya haraka na nyingine ya kuchelewa, ndio walioanguka zaidi baadaye. Kwangu hili ndilo zito, maana sisi humtazama mzee kama anakwenda polepole tu, na bibi yule hakuwa mzito wa mwendo.

Hospitalini, mtaalamu wa fiziotherapia alimuuliza binti mambo matatu. Mama alikuwa akimeza dawa za usingizi? Ndiyo, kila usiku. Macho yalipimwa lini? Zamani sana. Aliweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono? Binti akakumbuka kwamba hakuweza, tangu mwaka uliopita. Dawa zingeweza kupunguzwa na daktari, miwani kubadilishwa, mapaja kutiwa nguvu kwa mazoezi ya kuketi na kuinuka, tena pale pale nyumbani.