Balipima ku Kasapa

Ukimwambia dereva wa taksi mjini Lubumbashi kwamba unakwenda Kasapa, huenda akakuuliza: chuo au gereza? Vyote viwili viko upande huo. Watafiti wa malaria, wa Ulaya hadi Asia, wanaijua Kasapa kwa sababu nyingine kabisa. Katikati ya miaka ya 1960 mbu aina ya Anopheles dureni alikamatwa huko, na ndani yake kukatolewa vimelea vya malaria ya panya, Plasmodium berghei, ukoo unaoitwa ANKA. Kimelea chenyewe kilikuwa kimekwisha kujulikana tangu 1948, pale Ignace Vincke na Marcel Lips walipokipata kwa panya wa vichakani huko Kisanga, jirani na mji huohuo. Hadi leo, dawa mpya ya malaria inapojaribiwa kwa panya weupe wa maabara, mara nyingi ugonjwa wanaoambukizwa ni huo uliotoka Kasapa.

Kimelea hicho hakimpati binadamu. Mtu anaweza kuumwa na mbu huyo mwaka mzima asiugue malaria ya panya. Neno hilo lishikwe vizuri, maana kisa chote kinasimama juu yake.

Mwanafunzi wa kisa hiki ni wa kutunga. Mmea si wa kutunga: ni Senna occidentalis, ambao watu wa pwani huuita mwingajini. Huota kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyoachwa, majani yake yananuka ukiyafikicha, maua ni ya njano na maganda ya mbegu ni membamba yaliyopinda kidogo. Katika Kongo ni dawa ya homa tangu zamani. Mwaka 2001 watafiti wa Kinshasa walichapisha matokeo yao: dondoo za maganda ya mizizi yake, zilizotolewa kwa ethanoli na kwa dikloromethani, zilipunguza vimelea vya ANKA kwa zaidi ya asilimia 60 katika panya waliopewa miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Hakuna panya aliyekufa kwa sumu. Ni kazi safi, na waliyoandika ni yale tu waliyoyaona.

Mwanafunzi wetu, wa farmasi, analala mabweni ya Kasapa. Anaisoma makala hiyo, anakwenda soko la Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi), anamkuta mama anayeuza dawa za miti. Mama anamwonyesha mmea, anamweleza namna ya kuuchemsha, hata bei anampunguzia kwa kuwa ni mtoto wa shule. Kijana anachambua majani peke yake, anayakausha kivulini, anayasaga, anayaloweka katika ethanoli, anachuja, anakausha tena hadi kubaki uji mweusi unaonata. Anawapa panya siku nne mfululizo. Kisha anakaa kwenye hadubini na kuhesabu chembe za damu zenye vimelea. Vimepungua zaidi ya nusu. Anaruka kwa furaha, na nani asingeruka?

Katika jedwali lake kulikuwa na safu nyingine, ya panya waliopewa klorokwini ili kulinganisha. Hao karibu hawakuwa na kimelea hata kimoja. Hapo ndipo angepaswa kusimama na kuiangalia ile safu kwa muda mrefu. Klorokwini humponya panya mwenye ANKA, lakini Kongo iliiacha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu malaria ya watu, Plasmodium falciparum, ilikuwa imekwisha kuizoea, na watoto waliimeza na kufa. Basi kama dawa inayomponya panya kabisa imeshindwa kumwokoa mtoto, dawa inayomponya panya nusu inatuahidi nini? Inatuahidi tu kwamba inafaa kuendelea kuchunguzwa.

Na ile nusu yenyewe haina uzito mtu anaoudhani. Falciparum huzaana kila baada ya saa 48 hivi, na katika mzunguko mmoja idadi yake inaweza kuongezeka hata mara kumi. Ukiondoa vimelea sita katika kila kumi, vinne vilivyobaki havihitaji wiki kurudisha hasara.

Kijana hakuyawaza hayo. Alirudi sokoni na habari njema.

“Mama, tulipima. Ile dawa yako iko na nguvu.”

Hakusema uongo, na ndiyo sababu kosa lake ni gumu kulikemea. Alichosahau kusema ni kirefu zaidi. Hakusema kwamba alitumia majani peke yake, wakati kifungu kilicho mezani pa mama kina majani, vijiti na maganda yaliyojaa mbegu. Hakusema kwamba aliloweka katika ethanoli, wakati mama mwenye mgonjwa nyumbani atachemsha kwa maji. Tofauti hiyo si ndogo. Tu Youyou, Mchina aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alihangaika na mmea wa Artemisia annua uliokuwa ukitoa matokeo mazuri leo na mabaya kesho, hadi alipotambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Mwaka 1971 alitoa dondoo kwa etha isiyohitaji joto kali, na vimelea vya panya vikaisha. Hata hapo hakukimbilia sokoni. Mwaka 1972 yeye na wenzake walilazwa hospitali, wakainywa wenyewe chini ya uangalizi, kabla ya kumpa mgonjwa.

Nazo mbegu zina historia yao. Katika wilaya ya Bijnor, kaskazini mwa India, watoto wadogo walikuwa wakiugua ghafla kila mwaka majira yakifika: kutapika, kuweweseka, kupoteza fahamu, na wengi wakafa. Kwa miaka ilidhaniwa ni virusi vya ubongo. Daktari wa watoto wa huko, Vipin Vashishtha, pamoja na wenzake, wakaanza kuuliza watoto walikula nini kabla ya kuugua. Makala yao ya 2007 ilitaja mbegu za mwingajini, zilizochumwa na watoto wakicheza. Ini, misuli na ubongo viliharibiwa pamoja. Mmea ni uleule ambao mizizi yake haikumdhuru panya wa Kinshasa. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa mmea fulani “hauna sumu,” muulize sehemu ipi, kiasi gani, na ulitayarishwa vipi. Asipojua, hajakwambia kitu.

Sokoni habari ya kijana ikafupishwa zaidi, kama habari zote njema zinavyofupishwa. Mteja akisita, mama alikuwa na jibu tayari: “Balipima ku Kasapa.” Maneno matatu, nayo yakafanya kazi ambayo cheti cha wizara kisingeifanya. Baba mmoja mwenye mtoto wa miaka mitatu aliyeanza homa Ijumaa alinunua kifungu. Bila maneno yale huenda angempeleka kituo cha afya Jumamosi, mtoto akapimwa damu ya kidole na kupewa artesuneti na amodiakwini. Alichemsha. Jumamosi joto lilishuka kidogo, kama homa ya malaria inavyopenda kushuka na kupanda yenyewe, na dawa ikapata sifa. Jumatatu mtoto alikuwa mweupe viganjani na hawezi kukaa. Aliongezewa damu, akapona. Katika kisa cha kutunga mwandishi ana uwezo huo. Wodini hakuna mwenye uwezo huo.

Baadhi ya wasomi wangemlaumu mama. Mimi simlaumu. Alitoa ujuzi wake bure, akarudishiwa sentensi moja, akaitumia kama alivyopewa. Mwenye elimu ndiye aliyejua vikwazo vyote vya jaribio lake, aliyeviandika vizuri katika kurasa za mwisho za kazi yake ambazo mama hatazisoma kamwe, kisha akaviacha chuoni alipopanda taksi.

Kijana alipopata habari za mtoto alirudi mara ya tatu, safari hii akasema yote.

“Mama, tulipima majani tu, mbegu hapana. Hizo mbegu uzitoe, ziko na sumu. Tuliloweka mu alkoli, hatukuchemusha. Na ile malaria ni ya panya, siyo ya batu. Mutoto akiwa na homa, kwanza bamupime damu ku hospitali.”

Mama alimsikiliza hadi mwisho, akaanza kung'oa maganda kwenye kifungu cha kwanza, moja moja.

“Nimesikia, mwana wangu. Sasa nikisema yote ile, nitauzisha nani?”