Mkutubi Auze Nini?

Mwanafunzi wa ukutubi akikaribia kuhitimu hukutana na somo la ujasiriamali. Anaandika mpango wa biashara, anakadiria mtaji, anapiga hesabu ya faida ya miezi kumi na miwili. Mara nyingi biashara anayoibuni ni ufugaji wa kuku au steshenari. Sina ugomvi na kuku. Ila mtu aliyefundishwa miaka mitatu kuwafikishia watu maarifa bila ubaguzi, siku akiambiwa ajiajiri kwa ujuzi huohuo, auze nini hasa? Somo hulipita swali hilo pembeni.

Kizazi kilichotangulia hakikulazimika kulijibu. Sheria iliyoanzisha huduma ya maktaba za umma Tanganyika ni ya mwaka 1963, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mkutubi wa wakati ule alikuwa mtumishi wa umma: mshahara ulitoka serikalini, na aliyesimama mbele ya meza yake alikuwa msomaji, si mteja. Leo wahitimu ni wengi na nafasi ni chache, na ujasiriamali umeletwa kuziba pengo hilo. Neno lenyewe lina mambo mawili ndani yake, ujasiri na mali. Darasani tunafundishwa ujasiri. Mali, kila mmoja na kwao. Shule ya sekondari isiyo na mkutubi haijapungukiwa ujasiri wa kijana yeyote. Imepungukiwa bajeti.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema fedha huichafua taaluma hii. Melvil Dewey, ambaye mfumo wake wa kupanga vitabu kwa namba ulichapishwa mwaka 1876, alikuwa pia mfanyabiashara. Kampuni yake iliziuzia maktaba kadi za katalogi na makabati. Mfumo wenyewe tangu 1988 ni mali ya OCLC ya Marekani. Biashara imo nyumbani mwetu tangu mwanzo. Lakini Dewey aliuza makabati, tena aliziuzia maktaba. Msomaji alibaki na njia yake ya kuvifikia vitabu.

Ugumu uko karibu na lango la chuo. Mwanafunzi anaandika tasnifu, anahitaji makala kumi za majarida. Nyingine ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Nyingine zinapatikana kupitia Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 kuzifungulia majarida taasisi za nchi zenye kipato kidogo, au kupitia maktaba ya chuo chake mwenyewe, ambayo amekwisha kuilipia kwenye ada. Yeye hajui. Mhitimu wa ukutubi mwenye kompyuta na bando anajua. Anazipakua, anamtoza kwa kila makala.

Mwenzangu mmoja wa darasani huitetea kazi hii vizuri. Maji ya mto ni ya bure, anasema, lakini anayekuchotea unamlipa. Ni hoja nzito. Ranganathan, katika kanuni zake tano za mwaka 1931, alitaka maktaba iokoe muda wa msomaji, na muda ukiokolewa kuna mtu ameutoa wake. Shirika likimlipa mtafiti wa maktaba alikusanyie machapisho ya miaka ishirini kuhusu malaria, limenunua jasho lake, na halijadanganywa.

Ila mchota maji hakufichi njia ya mto. Mkutubi, kwa kazi yake, ndiye wa kuionyesha njia hiyo, na huyu wa langoni akiionyesha leo, kesho mteja harudi. Kipato chake kinasimama juu ya ujinga wa anayemlipa. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo muuzaji wa jioni ndiye mtumishi wa maktaba mchana. Kadiri anavyojikokota kazini, ndivyo duka lake linavyochangamka. Hatua inayofuata kila mwanafunzi anaijua: mteja aliyezoea kutafutiwa makala anaomba aandikiwe sura ya pili, kisha tasnifu nzima. Hiyo ndiyo inayolipa vizuri, na hakuna mpango wa biashara uliowahi kuwasilishwa darasani kwetu ulioitaja.

Kwa hiyo kabla ya hesabu za mtaji ningependa mwanafunzi aulizwe kama biashara yake itasimama siku mteja akijua anachokijua yeye.

Kazi zinazopita mtihani huo zipo. Zahanati binafsi zina mafaili ya wagonjwa kwenye maboksi chini ya ngazi. SACCOS zina fomu za wanachama, mawakili wana nyaraka za kesi zilizokwisha, parokia nyingine zina vitabu vya ubatizo vya enzi za Wajerumani vinavyoliwa na mchwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Aliyesomea masjala anajua nini kitunzwe, kwa muda gani, na nani aruhusiwe kufungua. Hapa mlango uliofungwa ni haki ya mgonjwa. Mteja akijifunza mwenyewe kupanga mafaili yake, bado kazi ya kuyapanga ipo, na wengi watapenda kulipa kuliko kuifanya. Haina mvuto wa kuitwa ubunifu, nadhani ndiyo sababu haisifiwi sana darasani.

Inabaki kazi moja ambayo sijaona mpango wa biashara unaoiweza. Mtoto wa Mbagala anayetaka kitabu cha hadithi baada ya shule hana cha kulipa, na mama yake ana orodha ndefu ya vitu vya kununua kabla ya kitabu. Kwenye jedwali la mapato hana mstari. Mkutubi wake itabidi aajiriwe.