Jembe la Siku ya Kwanza

Tulifika Kisumu alfajiri, vijana 23, migongo ikiuma baada ya usiku mzima wa basi kutoka Nairobi. Kufikia saa mbili tulikuwa Dunga, ufuoni, tumevaa fulana mpya na glavu. Kazi ya siku ya kwanza ilikuwa rahisi: kuokota taka. Saa sita tulikuwa na magunia 14 ya chupa za plastiki, na picha nyingi kuliko chupa. Lori tulilokodi likabeba magunia manane ya kwanza, likaenda nayo jalalani.

Ndipo mama mmoja akatoka upande wa wanaoanika omena. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani amechukua chupa zangu?"

Kiongozi wetu akamjibu kwa upole, "Mama, hizo ni taka. Tunawasaidia kusafisha."

"Taka za nani?"

Kila asubuhi yeye huokota chupa zinazoletwa na mawimbi, huzitoa vifuniko, huzianika, kisha humuuzia dalali kwa kilo. Lile rundo tulilolikuta nyuma ya mashua, tukafurahi kwamba kazi imerahisishwa, lilikuwa jasho lake la wiki mbili. "Si mngeuliza tu?" akasema.

Swali hilo sijalitua hadi leo, manake hatukuwa watu wabaya. Mwaka 1785 Immanuel Kant aliandika kwamba kitu pekee kilicho chema bila masharti ni nia njema. Mwaka 1968 Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliotaka kujitolea vijijini Mexico kinyume chake, karibu kwa matusi: njooni mtazame, njooni mjifunze, lakini msije kusaidia.

Hata tusiende mbali hivyo, ziwa lenyewe ni shahidi. Mbuta aliletwa humu miaka ya 1950 na 1960 ili uvuvi uongezeke. Aina nyingi za fulu zikaangamia. Na bado mbuta huyo huyo analipa karo za watoto wengi. Gugu maji nalo, asili yake Amerika Kusini, lilienezwa duniani kwa sababu watu walipenda maua yake. Ziwa halikuulizwa, na waliokula kutoka ziwani hawakuulizwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisikia methali hii ikimsuta mgeni mvivu. Siku ile niliisikia upande wa pili. Kwa nini asipewe jembe siku ya kwanza? Nadhani ni kwa sababu bado hajui mche ni upi na gugu ni lipi. Mpe jembe mapema, atapalilia mpaka mtama wako. Zile siku mbili ni za kukaa, kula, kutazama, na kuuliza maswali ya kijinga.

Mtu ataniambia: nyumba ikiungua, hungoji siku ya tatu. Kweli. Mtoto akizama, ruka majini. Lakini chupa zile hazikuwa moto. Haraka ilikuwa yetu sisi, wenye siku nne na ratiba iliyochapishwa Nairobi. Hapo ndipo naliona kosa letu. Nia ilikuwa njema kabisa, ila ilikuwa imeshaamua kwamba mwenyeji hana la kutufundisha. Hiyo ni dharau, hata ikija na tabasamu na glavu mpya.

Mchana tulimwaga magunia sita yaliyobaki, tukaketi chini pamoja naye. Akatuonyesha zipi dalali hununua na zipi hukataa. Zilizokataliwa ndizo tulizobeba: gunia moja na nusu. Hiyo ndiyo iliyokuwa taka halisi ya siku nzima.

Kwa yale manane yaliyokwenda, tulichanga pesa. Alizihesabu, akazifunga kwenye leso, akarudi kazini bila kusema asante. Baadhi ya wenzangu waliudhika. Walisema tumemlipa na bado amenuna.

Mimi niliona yuko sawa. Mtu hasemi asante kwa kulipwa deni lake.